Kibanda Kinachobeba Mlima

Mlima wa mezani ni uongo tangu mwanzo, na kila anayeujenga anajua. Chukua Matterhorn, ule mlima wa Uswisi wenye ncha kama jino. Una mita 4,478 kutoka usawa wa bahari. Ukiupunguza kwa kipimo cha 1:87, ambacho mashabiki wa treni za mfano hukiita HO, bado unabaki na mita 51 za kupanda. Hapo dari ya sebule imeshaenda, ya jirani wa juu imeenda, na ya jirani wake pia. Miniatur Wunderland, maonyesho ya treni za mfano yaliyofunguliwa Hamburg mwaka 2001, wana jumba zima la kuchezea, na bado Matterhorn yao ina takribani mita sita tu. Watu husimama mbele yake, wakainua shingo, wakasema eh, huo ni mlima kweli.

Jicho linadanganywa na nini? Plasta na rangi ya kijivu zinasaidia, lakini mwamba hauna saizi. Piga picha ya jiwe la bustani kwa karibu na utaapa ni Mlima Kenya. Jicho linahitaji kitu ambacho tayari linajua ukubwa wake. Mlango, kwa mfano. Kila mmoja wetu amepita mlangoni mara elfu kadhaa na mwili unakumbuka. Mlango wa mita mbili, kwa HO, ni milimita 23. Uweke kwenye kibanda chenye saizi ya boksi la kiberiti, kibanda ukiweke chini ya mwamba wa plasta wa sentimita sabini, na ghafla mwamba unakuwa na urefu wa mita sitini. Kile kibanda ndicho kimeubeba mlima wote.

Kwa wale ambao hawajawahi kupotelea kwenye video hizi YouTube saa nane usiku: huu ni ulimwengu wa watu wazima wanaojenga reli ndogo chumbani, pamoja na kila kitu kilicho kando ya reli. Nyasi, nguzo za simu, matope. Unapomaliza kusimamisha mlima na kutandika reli yako, kwa kawaida unabaki na nafasi ya jengo moja dogo. Wengi hulichukulia jambo hilo kama shopping: fungua katalogi, chagua kinachopendeza, gundi, kwisha. Mimi nasema hapo ndipo mandhari yote huamuliwa. Jengo ulilochagua linasema nani anaishi kwenye mlima huu, anakula nini, na kwa nini treni ilijisumbua kupanda. Kwa hiyo mandhari hizi zinastahili kusomwa kama tunavyosoma hadithi fupi, na mwandishi akileta mhusika ambaye hana sababu ya kuwepo, tumwambie.

Tuanze na mhusika maarufu kuliko wote: kanisa dogo juu ya kilima.

Ukitaka kujua lilitoka wapi, nenda Gütenbach, kijiji cha Black Forest kusini magharibi mwa Ujerumani. Hapo ndugu wawili, Edwin na Hermann Faller, walianzisha kampuni yao baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na majengo yao madogo ya plastiki, yale ya kuunganisha mwenyewe kwa gundi, yakaenea kote Ulaya. Walijenga walichokiona dirishani: nyumba za mapaa mapana ya kubeba theluji, vinu vya maji, stesheni za vijijini, makanisa yenye mnara mwembamba. Kwao kila kitu kilikuwa na sababu. Paa ni kali kwa sababu ya theluji. Kinu kipo kwa sababu kijito kipo. Kanisa liko juu kwa sababu kengele lazima isikike bonde zima. Hayo ni majengo yenye akili, na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na kanisa lililohama. Utaliona kwenye mlima wa mchanga mwekundu ambao haujawahi kuguswa na theluji. Halina njia ya kulifikia. Halina makaburi wala kijiji, na hata ungekuwa muumini wa namna gani, Jumapili ungefika huko kwa kamba. Lipo kwa sababu mjenzi alihisi mlima mtupu unahitaji kitu cha kupendeza pale juu. Kanisa la namna hiyo hufanya kazi ya ua la plastiki kwenye dashibodi ya matatu. Linapendeza, sawa, lakini haliambii abiria lolote kuhusu safari.

Kipimo changu cha kwanza basi ni rahisi: liondoe lile jengo kwa mkono, halafu uulize nani atapata shida. Kama hakuna, hukuhitaji jengo. Ulihitaji picha.

Aliyefaulu mtihani huu kwa alama za juu ni John Allen, mpiga picha wa Monterey, California. Reli yake ya HO, aliyoijenga kwa miaka mingi chini ya nyumba yake, aliiita Gorre & Daphetid. Ukiyatamka majina hayo kwa Kiingereza yanasikika kama mtu aliyejaa damu na aliyeshindwa vita. Utani mtupu. Alikuwa hata na dainosa aliyeitwa Emma, aliyesukuma mabehewa badala ya injini. Lakini chini ya utani huo palikuwa na nidhamu kali. Milima yake ilitoka karibu na sakafu hadi karibu na dari, na alitumia vioo kurefusha nafasi pale ambapo ukuta ungemuumbua. Majengo yake yalikuwa machafu kwa makusudi, katika miaka ambayo wengi waliacha plastiki na bati zao zing'ae kama zimetoka dukani. Vibanda vyake vilichakaa kwa jua, mvua na moshi, na uchakavu ulianzia pale ambapo maji yangepita kweli.

Allen alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye moto uliteketeza karibu kazi yote. Kilichobaki kwa wengi wetu ni picha, na picha ndizo mahakama ya mwisho ya jambo hili, kwa sababu hakuna mkono wa mtu pembeni wa kukupa kipimo. Una mwamba, daraja, na mahali fulani kibanda. Jicho linakwenda kwenye kibanda, linapata mlango, kisha linarudi kwenye mwamba na kuogopa. Na vibanda vile vina kazi. Reli inakihitaji kila kimoja, au walau mtu fulani anapata riziki humo.

Bado nina neno na Allen. Mlima wake ni wa kichekesho na hofu kwa pamoja, na kichekesho kina bei. Watu wake wote wanaishi ndani ya utani wa mwenye reli. Unawatazama, unacheka, unapita. Huwezi kuwauliza wanalipwa lini.

Hamburg wana tatizo la upande wa pili. Mlima wao ni mkubwa na ufundi ni wa kutisha, lakini kila sentimita imejazwa kisa: hapa harusi, pale ajali, kule watu wanaota jua. Ni raha kuangalia, kama kupita Moi Avenue saa kumi na moja jioni. Ila mlima wenye visa mia hauna upweke, na upweke ndio kitu cha kwanza ambacho mlima humpa binadamu. Waliotutangulia walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Kibanda kimoja kwenye ukingo mtupu kinakufanya uusikie umbali kati ya mtu na mtu. Vibanda ishirini vinakufanya utafute choo cha umma.

Sasa turudi nyumbani, maana kuna jambo moja la kiufundi ambalo watu wa hapa hawaambiwi. Reli maarufu ya milimani ya Uswisi, ile ya Bernina, ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Reli ya zamani ya Kenya, iliyoanzia Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, ina upana huohuo. Mita moja kwa kipimo cha 1:87 inatoka karibu milimita 12, na reli ndogo za upana huo zinauzwa tayari, zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya mashabiki wa Uswisi. Kwa urefu pia hatuna aibu. Stesheni ya juu kabisa ya Bernina iko mita 2,253. Stesheni yetu ya Timboroa iko juu ya mita 2,700. Yaani, chuma ni kilekile na mlima wetu uko juu zaidi. Kinachokosekana kwenye boksi ni jengo.

Tuseme basi kijana mmoja Umoja au Kisauni ameamua kujenga kipande cha reli kinachoshuka ukingo wa Bonde la Ufa pale Kijabe. Meza ya mita moja na nusu, ukuta wa plasta nyuma, misitu ya sponji iliyosagwa, na nafasi ya jengo moja. Achague nini?

Wazo la kwanza litakuwa stesheni. Inaeleweka, na ina jina ukutani. Lakini stesheni inaleta jukwaa, njia ya pili ya kupishana, ofisi, tangi la maji, na punde mlima umekuwa pazia la nyuma ya mji. Jengo kubwa humla mlima. Ukiwa na nafasi ndogo, stesheni ni mgeni aliyekuja na familia nzima.

Wazo la pili ndilo linalonitesa, kwa sababu ni zuri: lile kanisa dogo la Mai Mahiu, chini ya ukingo, lililojengwa 1942 na wafungwa wa kivita wa Italia. Hapa tuna kanisa dogo la mlimani, tena letu, dogo kiasi kwamba wengi hulipita kwa gari bila kuliona. Na tofauti na lile la plastiki lililopotea njia, hili lina jibu ukiuliza kwa nini lipo. Wafungwa hao ndio waliotumiwa kujenga barabara ya ukingoni, na katikati ya kazi ya kulazimishwa wakajijengea mahali pa kuomba. Kuna uzito humo. Lakini ni jengo la barabara. Ukiliweka kando ya reli bila barabara, umelinyang'anya sababu yake na kulirudisha kuwa ua la dashibodi. Anayelitaka, haya, ajenge barabara na malori, na treni ikubali kuwa mgeni kwenye hadithi ya wengine.

Wazo la tatu halimo kwenye katalogi yoyote ya Black Forest. Ni landhi.

Ukiishi Nairobi unalijua neno hata kama hujawahi kulifikiria. Landhies Road, pale unapopigana na mkokoteni kuelekea Muthurwa. Landi Mawe, upande wa pili wa reli. Landhi ni makazi ya wafanyakazi wa reli: vyumba vilivyoungana kwa safu, chumba kimoja kwa mtu mmoja au kwa familia yake, paa moja refu. Mjini zilikuwa nyingi. Huko njiani, mbali na miji, zilikuwa safu fupi kando ya reli, makazi ya gengi: mnyapara na watu wake, waliotembea kipande chao cha reli wakikaza boliti, wakibadilisha mataruma, wakirudisha kokoto zilizoshushwa na mvua.

Ipitishe kwenye mtihani wangu. Iondoe kwa mkono, nani atapata shida? Treni yenyewe. Kwenye ukingo kama ule, ambako wakati wa ujenzi mabehewa yalishushwa kwa kamba kabla ya madaraja kukamilika, mvua ya usiku mmoja ina uwezo wa kuchota udongo chini ya reli. Lazima kuwe na mtu karibu. Landhi ipo kwa sababu mlima ni hatari, kwa hiyo inapokaa mezani inauambia mtazamaji ukweli kuhusu mlima ambao stesheni haiusemi.

Na ina saizi nzuri. Tuseme vyumba vinne vya mita tatu kila kimoja. Kwa HO hiyo ni milimita 138 kwa urefu, fupi kidogo kuliko kalamu ya biki, na milimita 34 kwa upana. Milango minne ya milimita 23 imepangwa kwa mstari. Hakuna kipimo bora cha jicho kuliko kitu kinachojirudia: mlango wa kwanza unakuambia ukubwa, wa pili na wa tatu wanaapa, wa nne anafunga kesi. Ukitaka mlima uonekane mkubwa zaidi, jenga landhi yako kwa kipimo kidogo kama 1:160, mlango uwe milimita 12 na nusu, uipandishe juu kule nyuma, na jicho litasoma udogo kama umbali. Mbinu hiyo ni ya zamani na bado haijachoka.

Kuijenga hakuhitaji oda kutoka ng'ambo. Mwanafunzi yeyote wa usanifu amekata kadibodi hadi alfajiri, na mitaa yetu ina watu wanaounda matatu ndogo za kadibodi zenye grafiti, taa na stika zote mahali pake. Angalizo moja tu, kuhusu mabati. Mikunjo ya bati la kawaida inapishana kwa milimita 76 hivi. Kwa HO hiyo ni chini ya milimita moja. Ukitumia kadibodi ya boksi yenye mikunjo mikubwa, paa lako litakuwa na mawimbi ya kutosha mtu kulala ndani yake, na mlima utaanguka papo hapo. Karatasi ya foili iliyobonyezwa juu ya uzi mwembamba uliosukwa kwa mstari itakufaa zaidi.

Lakini kuchagua jengo sahihi ni nusu ya kazi. Hobi hii ina penzi la hatari na vibanda vibovu. Ukuta ukiinama, paa likitoboka, kutu ikichuruzika, mafundi hupiga makofi. Ninaelewa: kutu ni rangi nzuri. Allen mwenyewe alifungulia wengi mlango huo. Ila ukijenga landhi kama gofu, umewageuza waliokaa humo kuwa mapambo, na hiyo ni njia nyingine ya kuwaondoa. Uchakavu wa nyumba inayokaliwa haufanani na uchakavu wa gofu. Paa limezibwa kwa bati jipya lisilofanana na mengine. Ukuta una masizi juu ya mlango mmoja tu, ule wa kupikia. Uwanja umefagiliwa, na mistari ya ufagio inaonekana. Kuna kamba ya nguo, pipa la maji ya mvua, na sukuma wiki nyuma ya nyumba, imezungushiwa ua wa miti. Jembe na nyundo zimeegemezwa mahali pamoja, kwa sababu kesho saa kumi na mbili zitahitajika. Fundi anayeweza kuonyesha tofauti hiyo kwa rangi ya maji na kibiritingoma cha waya, huyo namvulia kofia.

Kwa nini nakazania hili kwenye mchezo wa mezani? Kwa sababu reli yetu ina desturi ndefu ya kutaja majina kwa upendeleo. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na takribani 2,500 walikufa wakiijenga, achilia mbali Waafrika waliobeba na kuchimba. Baadaye zilikuja zile injini kubwa za mvuke za Garratt. Za daraja la 59, zilizofika katikati ya miaka ya 1950, zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja iko Jumba la Makumbusho ya Reli pale Nairobi, imeandikwa Mount Gelai ubavuni. Za daraja la 60 zilipewa majina ya magavana. Mlima ukapata kibao cha shaba, gavana akapata kibao cha shaba. Aliyeamka usiku wa mvua na taa ya mkono kuangalia kama reli bado imeshika, hakuwa na injini ya jina lake.

Nimeona wapenzi wa reli wakihesabu riveti za Garratt moja baada ya nyingine, na ni sawa, mashine ile inastahili. Kwa HO ina urefu wa sentimita 36 hivi, na ukiiweka mezani hakuna atakayeangalia kitu kingine. Ndiyo maana landhi lazima ichaguliwe kabla ya injini kununuliwa, na ipewe mahali ambapo treni italazimika kupita mbele ya milango yake. Usione vyaelea, vimeundwa, na vikishaundwa kuna anayevitunza.

Kwa hivyo, ukijenga mlima wako, acha sehemu kubwa yake tupu. Chonga kijukwaa kimoja kwenye ukingo, mita mbili tatu kutoka kwenye mataruma, yaani sentimita tatu kwa kipimo chako. Weka safu yako ya milango minne. Watu wasizidi watatu, na asiwepo anayempungia treni mkono; wameiona jana, wataiona kesho. Mmoja ameinama kwenye reli kando kabisa ya meza, mbali na nyumba, kwa sababu huko ndiko kazi iliko leo. Halafu zima taa ya chumba, uwashe balbu moja ndogo nyuma ya mlango wa tatu, uone mlima umefika wapi.